Mzee wa Maji na Video ya Sekunde 11

Mama mmoja wa Majengo, hapa Mombasa kisiwani, alinijia nyumbani baada ya isha na simu ya mwanawe mkononi. Nilimkaribisha kiti, hakutaka. "Mwalimu, hebu tazama mwenyewe," akasema, "kisha uniambie huyu nimemzaa mimi ama nilimuokota."

Video ilikuwa ya sekunde 11, imepigwa kutoka juu, kwenye roshani ya ghorofa ya pili. Chini barabarani mzee mmoja anavuta mkokoteni wa maji. Ni masika, mvua imetoka kunyesha, na mtaro umefurika hata ukingo wake hauonekani. Gurudumu la kulia linazama mtaroni, mzigo unalalia nyuma, na ile mikono ya mkokoteni inainuka juu pamoja na mwenyewe. Miguu yake inaning'inia hewani. Ndala moja inamvuka. Halafu anaachia, anaangukia magoti kwenye tope, na mitungi inaanza kubingirika kuteremka na barabara. Sauti ya aliyeshika simu inasikika wazi: "Oneni punda wa maji kapaa!" Kisha vicheko, vya watu zaidi ya mmoja.

Niliitazama mara mbili. Mara ya pili nilimkazia macho mzee peke yake, nikaona jambo ambalo mwanzo lilinipita. Kabla ya kusimama, kabla hata ya kupapasa goti, anainua uso kuitazama ile roshani. Alikuwa amesikia.

Aliyepiga video ana miaka 14 na yuko Gredi ya 8. Namjua tangu anatambaa. Ungeniuliza juma moja kabla ni mtoto gani mtaani kwetu mwenye adabu, ningemtaja yeye bila kufikiri. Akinikuta njiani hunipokea mfuko. Haondoki kwenda skuli bila kuubusu mkono wa nyanya yake. Kwenye baraza, mtu mzima akitokea mbali, yeye huwa keshanyanyuka kumpisha. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Mtoto mtukutu akifanya utukutu, watu husikitika na kuendelea na shughuli zao. Huyu alikuwa mtoto tuliyemwonyesha wengine kama mfano.

Nimefundisha miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa ushauri nasaha. Wahusika wameridhia niandike. Majina nimeyaacha na mambo madogo nimeyageuza ili wasitambulike.

Jinsi lilivyojulikana

Kijana aliiweka ile video kwenye stetasi yake ya WhatsApp, ambako hudumu saa 24 kisha ikatoweka. Lakini kabla ya adhuhuri wenzake walikuwa wameshaichukua. Kufikia magharibi iko kwenye grupu la mtaa, na usiku ule ule ikavuka Makupa, kutoka kisiwani hadi bara, mpaka mtaa anakoishi mzee. Binti yake, ambaye ni rika moja na kijana wetu, alionyeshwa na wenzake mferejini, wakichota maji.

Kesho yake mzee hakuja. Wala kesho kutwa, wala siku ya tatu. Anayeijua Mombasa anaelewa maana yake. Maji ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakifika kisiwani huwa hayatoshi, na nyumba nyingi hupitisha siku kadhaa mfereji ukitoa upepo. Kinachozishika nyumba hizo ni mikokoteni. Mkokoteni wa mzee yule hubeba mitungi 20 ya lita 20, yaani kilo 400 za maji, na uzito wa mkokoteni wenyewe hujauhesabu. Akifika mlangoni hupandisha mtungi mmoja mmoja ngazini mpaka pipa lijae.

Basi siku ya tatu nyanya akakosa maji ya kutawadhia. Mama akataka kumpigia mzee simu, akakuta nambari yake hana. Akateremka dukani kuuliza. Mwenye duka akamwangalia kidogo, kisha badala ya kumpa nambari akamwonyesha ile video. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe.

Waliyoyataka wakubwa

Kikao kilikaa usiku ule ule: mama, nyanya, ami yake kijana, na mimi niliyeitwa. Baba yuko Qatar kikazi. Alisikilizwa kwa simu, akasema lolote litakaloamuliwa ameliridhia. Kijana alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Ami alikuja na mambo matatu. Kwanza bakora. Pili, Ijumaa baada ya sala, kijana asimame nje ya msikiti amwombe mzee radhi mbele ya watu. Tatu, avute mkokoteni wa maji juma zima ili ajue utamu wake.

Niliyakataa yote matatu, na nikaambiwa nimeleta mambo ya haki za watoto. Haki zipo. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Lakini usiku ule sikuisimamia sheria. Niliuliza bakora ingemfunza nini. Kijana huyu alikuwa na somo moja alilolishika vizuri sana, kwamba mwenye nguvu huheshimiwa na asiye na nguvu huchezewa. Ami angemchapa, naye angezidi kumheshimu ami. Angekuwa amelipata somo lile lile, safari hii kwa alama mwilini.

La msikitini liliniumiza zaidi, kwa sababu lilionekana jema. Mzee yule alidhalilishwa kwa kutazamwa. Sisi tulitaka kumrudishia heshima kwa kumsimamisha tena atazamwe, mbele ya wanaume mia na simu zao mifukoni. Nani alimuuliza kama anataka? Na ingepigwa video ya pili, hilo sina shaka nalo. Katika dini yetu na katika desturi yetu, mtu aliyefedheheshwa hutafutiwa sitara kwanza.

Na la mkokoteni. Hili wengi hulipenda, nimelisikia hata kwa walimu wenzangu: mtoto akimdharau mfagiaji, mpe ufagio, akimcheka mpishi wa skuli, mtie jikoni. Mimi nalipinga kwa nguvu zangu zote. Huwezi kumwambia mtoto kazi ile ni ya kuheshimiwa, kisha ukampa iwe adhabu yake. Mzee ana watoto anaowalisha kwa mkokoteni ule. Siku akimwona mtoto wa watu amefungwa nao kama pingu, ataelewa kabisa sisi tunaionaje kazi yake.

Ami alinyamaza. Sikumshinda kwa hoja, nadhani alichoka. Lakini aliniachia kijana, na ninamshukuru.

Jina

Nilikaa na kijana kesho yake asubuhi, roshanini pale pale. Hakuwa na jeuri. Alikuwa na woga wa ami na uchungu wa simu iliyochukuliwa, na hayo mawili si majuto.

"Mwalimu, mimi sikumtukana yeye," akasema. "Nilikuwa nasema na wenzangu."

"Alisikia."

"Sikujua kama anasikia."

Nikamwomba aniletee daftari lake. Katika mtaala wa sasa heshima imetajwa waziwazi miongoni mwa maadili ambayo kila mtoto anatakiwa kukuzwa nayo, pamoja na upendo, uwajibikaji, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Nilijua lazima atakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameandika, kwa hati nzuri: "Heshima ni kuwatii walio wakubwa kwako." Mwalimu wake amempa vema.

Tukalitazama jibu lile pamoja. Nikamuuliza mzee wa maji ana miaka mingapi. Akakisia hamsini na kitu, sitini. "Basi ni mkubwa kwako." Akanyamaza, kisha akatoa neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Lakini yeye si mkubwa *hivyo*, Mwalimu. Yeye ni mtu wa maji tu."

Nikamuuliza: "Anaitwa nani?"

Hakujua. Nikamwita mama yake jikoni, nikamuuliza yeye. Alisimama na mwiko mkononi, akafungua kinywa, akafunga. Nyanya yuko chumbani, akaulizwa, naye hakujua. Mzee yule amepanda ngazi za nyumba ile kwa miaka saba. Na mimi pia sikulijua jina lake. Kwangu huleta maji kila juma. Niliona haya, na nikayasema pale pale mbele ya kijana, kwa sababu kama ningeyaficha, kikao kile kingekuwa uongo.

Hapo kisa kilinigeukia. Nilikuwa nimekuja kutafuta mahali mtoto alipopotea njia, kumbe njia aliifuata sawasawa, na walioichora ni sisi.

Nilimwomba mama tukae tukumbuke, bila kulaumiana, mtoto ameona nini nyumbani kuhusu mzee wa maji. Ameona akiitwa kutoka roshanini, "Maji! Weye, Maji!", na mwenye kuita hata salamu hatangulizi. Ameona bei ikivutwa, shilingi tano tano, na mtu aliyekwisha kupandisha mitungi sita ghorofa ya pili. Ameona deni: mwezi uliopita mitungi 14 haikulipwa, "mwambie aje mwisho wa mwezi". Na ameona kopo. Nje ya mlango kuna msumari, na msumarini limetundikwa kopo la plastiki la kijani lililofifia kwa jua, ukingo wake umeumwaumwa. Mzee akiomba maji ya kunywa hupewa kwa kopo lile. Ya kunywa, mtu aliyetoka kuwajazia pipa. Vikombe vya wageni viko ndani kabatini, na kijana huyu ndiye aliyefunzwa kuvitoa kwa mikono miwili na sahani chini yake.

Hakuna aliyemwambia "mdharau huyu". Hakuna haja. Mtoto husoma nani anasimamiwa na nani anapigiwa kelele, nani analipwa papo hapo na nani anaambiwa arudi kesho. Kufikia miaka kumi ana orodha kamili, na orodha hiyo si ya mzee wa maji peke yake. Yumo msichana wa kazi, mwenye umri wa kuwa dada yao, anayetumwa na kitoto cha miaka sita. Yumo makanga. Yumo mama anayeuza viazi karai pembeni mwa njia. Yumo mgeni kutoka bara ambaye Kiswahili chake kinachekwa mezani na mezani hapo hapo hakuna anayekanya.

Nilivyoelewa, tulimfundisha kijana adabu kama ngazi. Alijua kupanda kwa unyenyekevu, na hakuna aliyemwonyesha kwamba chini ya ngazi pia wako watu. Adabu zile za kupanda ni nzuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Kuamkia wakubwa, kupisha kiti, kupokea kwa mkono wa kulia: siku watoto wetu wakiziacha tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakirudishiki. Ila zikisimama peke yake huwa ni ujuzi wa kujua nani wa kumwogopa.

Umri nao una sehemu yake. Kijana wa miaka 14 huishi mbele ya macho ya wenzake. Kucheka nao kunamjaza kuliko chakula, na uwezo wa kupima matokeo kabla ya kutenda bado unakomaa na utaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Hilo linaeleza kwa nini kidole kilibonyeza haraka. Halielezi kwa nini kilichochekesha kilikuwa mzee kwenye tope. Angeanguka ami yake, angeteremka mbio kumwinua. Nilimuuliza, na hakubisha.

Nyanya

Aliyekuwa mgumu si kijana. "Tangu lini mchota maji akaamkiwa?" nyanya aliniuliza. "Sisi tumelelewa kiungwana, Mwalimu. Kila mtu na mahali pake."

Bi mkubwa huyu amekaribia miaka 80 na ni mkarimu. Ftari ya Ramadhani huwagawia majirani wasio na kitu. Simsemi kwa ubaya. Lakini neno alilolitumia lina historia, na nadhani historia hiyo bado imelala ndani ya nyumba zetu nyingi za pwani. Muungwana, zamani, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Upande wa pili walikuwa watwana na wajakazi, na kazi zao zilikuwa zipi? Kuchota maji. Kubeba mizigo. Kufagia. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana: nyanya yake nyanya huyu alikuwa amezaliwa. Sheria ilifuta jina, lakini ile sauti ya kumwita mchota maji kutoka juu bila salamu hutoka wapi, ikiwa haikurithiwa?

Na lugha yetu yenyewe, kwa bahati njema, imeshatoka hapo. Leo ukimwita mtu muungwana humaanishi babu yake hakununuliwa. Unamaanisha hana kiburi, hamvunji mtu uso. Tunasema uungwana ni vitendo. Nilimwambia nyanya hivyo, polepole, nikiwa nimeketi chini kwenye mkeka wake. Hakunijibu. Alinipa tende.

Ustadhi wa madrasa alisaidia kwa namna ambayo mimi nisingeweza. Kijana amehifadhi Juzuu Amma yote, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, na humo imo Surat Abasa, aya 42, anaisoma bila kukosea. Ustadhi alimwambia asome, akasoma. Akamuuliza inahusu nini. Hakujua. Ndipo akamsimulia: Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi akitaraji watausikia wito, akaja Abdallah ibn Umm Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa, na Mtume akakunja uso. Aya zikashuka kumwonya kwa ajili ya yule kipofu. Na kipofu huyo baadaye akawa mmoja wa waadhini wake, pamoja na Bilal aliyekuwa mtumwa. Ustadhi aliniambia kijana alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa mbona hatukuwahi kuambiwa?" Ustadhi amekiri kwamba swali lile limebadilisha namna anavyofundisha. Sasa haruki kwenda sura nyingine kabla ya kuwaeleza watoto walichokisoma.

Kumwendea mzee

Tulikuwa tumeshakaa vikao vitatu kuhusu mzee bila mtu kumuuliza mwenyewe lolote. Nilimfuata siku ya tano, baada ya alasiri, kwenye kioski anakojazia. Alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, goti limefungwa kitambaa. Nilimuamkia, nikajitambulisha kwa jina langu, nikamuuliza lake. Alinitazama kidogo kabla ya kunipa.

"Mwalimu, kuanguka si jambo," akasema. "Kazi hii nimeanguka mara nyingi. Lililonikaa hapa ni mwanangu. Aliniuliza: Baba, hao ndio wale watu unaotuambia ni wateja wako wazuri?"

Nikamuuliza angetaka nini kifanyike. Akafikiri. Alitaka kijana aje peke yake, bila mtu mzima wa kumsukuma na bila simu. Aje alfajiri, kabla watu hawajajaa kioskini. "Na mitungi mitatu imepasuka," akaongeza. "Sisemi alipe. Nasema imepasuka."

Kijana alikwenda. Nimesimuliwa na wote wawili, na masimulizi yao yanalingana isipokuwa mahali pamoja: kijana anasema hakulia. Alikuwa ameandaa maneno. "Shikamoo mzee. Naomba radhi kama nilikukosea."

"Marahaba. Kama?" mzee akauliza. "Umenikosea ama hukunikosea?"

"Nimekukosea."

"Umenikosea nini?"

Hapo ndipo maneno yaliyoandaliwa yalipokwisha. Ilibidi aliseme lenyewe, moja moja: ulipoanguka nilicheka, nikakuita punda, nikawapa watu wakutazame. Mzee alimwacha amalize, akamwambia jina lake, akamuuliza na yeye la kwake. Miaka saba, na yeye pia hakuwa analijua.

Nimewaona wazazi wengi wakimshika mtoto bega, "Sema pole! Haya, sema!", mtoto anasema, na mambo yanaisha. Neno "kama" lingepita kwangu, nakiri. Halikumpita aliyeumizwa. Tangu siku ile, mtoto akiletwa kwangu aombe radhi, nami huuliza: umemkosea nini?

Mitungi mitatu ililipwa kwa pesa za Idi alizokuwa amekusanya kwa ami na wajomba, zake mwenyewe. Kisha ikabaki video. Aliwaandikia mmoja mmoja wote aliojua wameisambaza, akawaomba waifute. Kazi ile ilimchukua siku nne na ilikuwa ngumu kuliko bakora yoyote. Wengine walifuta. Wengine walimjibu kwa kumcheka, "Umekuwa sheikh sasa?", na mmoja akaisambaza upya kwa kumuudhi. Mama alitaka kuingilia, nikamzuia. Kwa mara ya kwanza kijana alikuwa upande ule mwingine wa kicheko, na hakuna mtu aliyempeleka huko kwa adhabu. Alifika mwenyewe akijaribu kutengeneza alichovunja.

Nyumbani wakubwa walikuwa na yao. Deni la mitungi 14 lililipwa siku ile mzee aliporudi, kabla hajashusha mzigo. Mama alimsalimu kwa jina mbele ya watoto, akaniambia baadaye kwamba ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu anayesema Kiswahili mara ya kwanza. Kopo la kijani limetupwa. Kilichonigusa zaidi ni mdogo wake kijana, ana miaka saba, ambaye hakuna aliyekaa naye kumfundisha chochote. Alisikia jina mara mbili tatu, na sasa ndiye anayeshuka ngazi mbio akiliita, "Mzee" mbele yake, kumfungulia mlango wa chini. Kaka yake alihitaji mama, ami, nyanya, ustadhi na mimi.

Sitadai kila kitu kimenyooka. Nyanya bado hamwiti kwa jina. Husema "yule mzee amefika", na zamani alisema "Maji yamefika". Mimi nimelichukua hilo kama hatua, kwa umri wake. Ami bado anaamini bakora ingefupisha safari. Naye kijana, mwezi wa Juni, alisikika akimwigiza dereva wa tuktuk lafudhi yake, wenzake wakicheka. Mama alipomtazama aliacha, lakini aliacha kwa sababu alitazamwa.

Kisha likizo ya Agosti ile video ikarudi. Hizi hazifi. Mtu wa skuli nyingine aliipandisha tena na muziki juu yake, na ikaanza kuzunguka. Kijana hakumwambia mama wala mimi. Alimsubiri mzee chini ya ngazi, akamwambia kwamba imerudi, kwamba ameandika ifutwe na haijafutwa bado, na kwamba ameona amwambie yeye mwenyewe kabla hajaisikia kwa watu.

Mzee alikuwa ameshika mtungi kila mkono. "Nimeiona jana," akamjibu. "Niondokee mlangoni nipite. Na mwambie mamako kesho nitachelewa, kioski kinafunguliwa saa nne."